Mkalimani wa Kambi ya Ifo

Kila kijana aliyekuja kurekodiwa katika kambi ya wakimbizi ya Ifo alikuta mkalimani ameshakipangusa kiti vumbi kwa shali yake. Mzee huyo alitafsiri kwa sauti ya chini, tasbihi mkononi, na hakumkatiza mtu. Siku moja msichana Sabirin alisimulia jinsi vita vilivyomuua kaka yake, lakini upepo ukaharibu sauti.

"Mzee, mwambie arudie," akasema Koome, mpiga filamu kutoka Nairobi.

Mkalimani akamgeukia Sabirin, akamuuliza kwa Kisomali kaka yake alipenda kuimba nini. Msichana akacheka, akaimba.

"Amesema nini?"

"Hiyo ya kufa amesema mara moja, imetosha. Sasa anasema ya kuishi."

Koome akawasha kamera. Sabirin akaimba tena, akipiga makofi.