Supu ya Cucu Kule Jua Lisikotua

Sokoni Embu, kwenye meza za omena, wale dagaa wakavu, watu wengine hupita wameziba pua. Mimi husimama. Harufu ile hunipeleka kaskazini kabisa mwa Norwe, kwenye kijiji cha wavuvi ambako samaki walianikwa juu ya miti mirefu, na harufu yao ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia.

Nilikuwa darasa la tano. Shangazi yangu Wawira, kitinda mimba wa Cucu, alikuwa ameenda huko kusomea uuguzi, akaolewa na mvuvi aitwaye Olav kabla mtu yeyote wa kwetu Kibugu hajamwona. Cucu, yaani nyanya yangu, hakusema ndiyo wala la. Alisema ataenda kuliona boma hilo kwa macho yake. Nikaombewa ruhusa shuleni ili nimsomee mabango ya uwanja wa ndege, na njia nzima nilijiona waziri wa mambo ya nje.

Kijiji kilikuwa kizuri, jamani. Nyumba nyekundu zilisimama kwa miguu ya mbao juu ya maji, milima ilichomoka moja kwa moja baharini, na jua lilizunguka tu angani, likakataa kutua. Cucu alilitazama akasema jua lisilojua saa ya kwenda nyumbani halikulelewa vizuri.

Shida ilikuwa mezani. Kwa wazee wetu wa milimani samaki na nyoka ni ndugu, na huko kila mlo ulikuwa samaki. Cucu alikula viazi. Mama yake Olav, mjane wa maneno machache, alidhani mgeni ni mgonjwa, akamletea dawa ya kwao: supu ya samaki. Cucu akaisukuma kando taratibu. Shangazi akatoka nje analia, nami nikamfuata.

"Si ni samaki tu?" nikamuuliza.

"Mzazi akikataa chakula kwa wakwe, amekataa hao watu," akasema. "Mami akirudi nyumbani bila kula hapa, mimi sina bwana. Itabidi nirudi Kibugu."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Cucu alijipa mwenyewe. Siku hiyo aliingia jikoni, akachemsha majani ya chai tuliyobeba, akatia maziwa mengi na sukari bila huruma. Mama yake Olav, ambaye maisha yake yote alikunywa kahawa nyeusi, alionja. Uso ukakunjamana, macho yakajaa maji. Hata hivyo akamaliza kikombe chote, kisha akakisogeza mbele aongezwe.

Cucu akamjazia tena, kisha akamgeukia Shangazi.

"Wawira," akasema kwa Kiembu, "huyu mama amekunywa yangu. Lete hiyo nyoka."

Aliomba sala ndefu kuliko ya harusi, akala mpaka bakuli likabaki tupu. Shangazi alicheka huku akilia, na Olav, ambaye hakuelewa hata neno moja, akamshika mkono.

Mimi niliamini nilichokiona. Tuliporudi niliutangazia ukoo mzima kwamba Cucu siku hizi anapenda samaki, na Baba akamnunulia tilapia mnono mjini Embu. Cucu aliitazama sahani kana kwamba tumemtukana.

"Ondoa hiyo kitu," akasema. "Ile nilikula ilikuwa ya Wawira."

Nilinuna siku nzima, kwa maana alikuwa amenifanya mwongo mbele ya watu. Nilikuwa mtu mzima tayari, na Cucu ameshazikwa, nilipokumbuka maneno ya Shangazi pale nje na moyo ukaniuma. Cucu aliyajua yote hayo kuliko sisi. Alimtaka sana mtoto wake wa mwisho arudi nyumbani, na kumrudisha kulikuwa rahisi: asiguse ile supu. Akaila yote.