Mbwa wa Fundi Cherehani

Tangu aanze dawa za kifua kikuu, jirani yangu, bibi fundi cherehani, hula peke yake, na wajukuu wakifika mlangoni huwanyooshea rula: “Hapo hapo!” Mbwa tu ndiye aliyeruhusiwa kulala miguuni pake na kumlamba vidole vilivyotobolewa na sindano. Mtaa, kwa umbea wake, ulimtwika mbwa lawama za ugonjwa ule. Leo asubuhi mbwa alikohoa. Fundi akasimamisha cherehani, akasikiliza. Mbwa akakohoa tena.

Kwa daktari wa mifugo niliwasindikiza mimi. Fundi hakuketi.

“Daktari, mimi naweza kumwambukiza?”

“Ni nadra, mama, lakini hutokea. Tutampima.”

Fundi akanikabidhi kamba ya mbwa, akarudi nyuma mpaka ukutani, leso mdomoni. Mbwa akamfuata.

“Hapo hapo!”

Mbwa akaketi, akimtazama, mkia ukipigapiga sakafu.