Hukumu ya Muuza Magodoro

Kitabu chenyewe nilikinunua Nairobi kwa mchuuzi wa vitabu kuukuu, kwa sababu jalada lilikuwa na picha ya mwanamume amebeba godoro kichwani, na juu ya godoro mwanamke ameketi anacheka. Nilikuwa narudi Garissa kufungua muhula, na baada ya likizo nzima ya kusahihisha insha za ukame nilitaka kitu cha kunichekesha. Nikacheka kweli. Tulipofika kwenye kizuizi cha daraja la Tana, askari aliyekuwa akikagua vitambulisho aliniuliza kama ninaumwa.

Kilikuwa kisa cha mapenzi ya siku hizi. Muuza magodoro anampenda binti mmoja wa mtaani, anamtongoza kwa vichekesho mpaka binti anakubali. Baada ya harusi anaanza kumfichia viatu, eti miguu yake mizuri isije ikaibiwa. Kisha anaanza kufunga mlango kwa nje anapokwenda kazini. Yote anayafanya kwa mzaha, na mzaha wenyewe ni mtamu, kiasi kwamba msomaji hugeuza kurasa nyingi kabla ya kujiuliza anacheka nini hasa.

Mimi nilijiuliza mapema kidogo kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa na jirani.

Tuligawana ukuta. Alikuwa mwanamke wa Ijara, amesoma mpaka kidato cha pili, ameolewa na dalali wa mifugo. Mumewe huyo ndiye aliyekuwa mcheshi wa mtaa wetu. Akisimama mahali watu hukusanyika, na wakikusanyika hushika mbavu. Alipokwenda mnada wa Diff kununua mbuzi alifunga geti kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, na akirudi yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kwenye kibanda cha chai: "Nimefunga mapenzi ndani, isitoroke!" Wazee walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Mkewe alikuwa akiniambia mambo mengine kwa upande wa pili wa ukuta. Mama yake kule Ijara alikuwa mgonjwa, macho yamekwisha, na hajamwona tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Alitaka kwenda, basi. Alikuwa ametuma ujumbe kwa mzee mwenye ploti yetu, ambaye ndiye aliyeamua kesi zote za mtaa, na mzee akajibu kwa kucheka: "Huyo jamaa!" Kesi ikaishia hapo. Mimi nilikasirika sana, lakini mimi ni nani? Mwalimu wa Kiswahili kutoka bara, mwanamke, Mkristo, na kodi nalipa kwa mzee huyo huyo.

Basi nikampitishia kitabu juu ya ukuta, kwenye kindoo cha maziwa. Nilidhani kitamliwaza.

Alikirudisha baada ya siku chache, ameishia katikati. "Abaayo," alisema, ndivyo alivyoniita, yaani dada, "hii kitabu nani ameandika? Anajua nyumba yangu?" Kisha akasema, "Wape watu wengine wasome."

Nikawapa. Nakuambieni, nimefundisha fasihi miaka mingi, nimesoma tahakiki za maprofesa, lakini sijawahi kukutana na wahakiki kama wa mtaa ule. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, kijana wa Murang'a, alikimaliza kwa wikendi moja na kusema ni hadithi tamu ya mapenzi, hata ameazima maneno mawili matatu ya kumwandikia mchumba wake. Nikamwambia amwonee huruma huyo mchumba. Mwenye duka la nguo alisema, "Kitabu ni nzuri, lakini mbuzi hakuna ndani. Mbaka mwisho hakuna hata mbuzi moja." Ustadhi wa madrasa alitaka kujua nikahi ilifungwa na nani na walii wa bibi harusi, yaani msimamizi wake, alikuwa wapi; kama hakuna walii, basi hakuna ndoa, na kama hakuna ndoa, kitabu kizima ni haramu, ingawa alikisoma chote ili awe na uhakika. Madalali wa sokoni walisomewa kwa sauti na mmoja wao, na swali lao lilikuwa moja: mtu asiye na hata ngamia, mali yake ni godoro, alipewaje mke?

Na wanawake wakauliza, kila mmoja kwa wakati wake, bila kusikilizana: "Kaka zake wako wapi?"

Mwandishi hakuwa amempa kaka. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni jambo dogo. Mhusika anaweza kuzaliwa ukurasa wa kwanza akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano na hakuna anayeuliza. Kwa watu wa Garissa mtu asiye na watu hayupo. Mwanamke akionewa anarudi kwao, na mume akimtaka sharti aje na wazee wake kuongea na wazee wa upande ule. Sasa huyu wa kitabu arudi wapi?

Ubishi ukawa mkali. Wanaume wengi wakamtetea muuza magodoro, wanawake wakamlaani, na mama wa kibanda cha chai akaacha kumkopesha chai yeyote anayemtetea. Hapo ndipo wanaume walipoona jambo limekuwa zito. Mzee mwenye ploti akatangaza kwamba mtaa hauwezi kugawanyika hivi kwa ajili ya watu ambao hata hawajulikani ni wa ukoo gani. Ijumaa baada ya swala kutakuwa na maslaha, kikao cha wazee cha kusuluhisha, na pande zote mbili zisikilizwe. Akachinja mbuzi. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona mbuzi.

Tulikaa chini ya kivuli cha mabati cha kibanda, wazee kwenye mikeka, wanawake nyuma ya pazia jikoni. Mimi niliwekwa katikati kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ndimi niliyeshika ushahidi. Jirani yangu alikuwa nyuma ya pazia. Mumewe hakuwa safarini wiki hiyo, na asiposafiri geti lilikuwa wazi, ila mke aliruhusiwa kufika kibandani tu, si zaidi. Mumewe mwenyewe alikaa mbele kabisa. Alikipenda kitabu kile kuliko mtu yeyote. Alikuwa amejifunza vichekesho vyake kwa moyo.

Tukala kwanza. Kisha mzee akafungua kwa dua, akauliza bila hata kutabasamu, "Watu wa mwanamume ni nani?"

Mzee akaeleza kwamba kesi haisikilizwi kama mtu hana wa kumsimamia, kwa maana mtu anaweza kukimbia lakini watu wake hawakimbii. Kitakachoamuliwa kitawashika wao.

"Adeer, ni mimi!" Dalali alisimama, mikono juu, akimwita mzee ami kwa lugha yao, na watu wakaanza kucheka kabla hajasema. "Huyu ya godoro ni ndugu yangu kabisa. Damu moja!"

"Unamsimamia?"

"Namsimamia."

"Na hukumu unabeba?"

"Nabeba kwa mgongo, adeer, kama godoro!" Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Na mwanamke? Watu wake?"

Nilifungua mdomo kusema ni mimi, Mungu anajua kwa haki gani, lakini sauti ya jirani yangu ilitoka nyuma ya pazia ikanitangulia. "Huyo hana watu. Mimi nitakaa mahali yake."

Dalali akacheka kuliko wote. Aliona ni mchezo mzuri, mke na mume kila mtu upande wake. Mimi sikucheka.

Wakasema. Mtetezi mmoja alisema mume hufunga mlango kwa sababu Nairobi kuna wezi. Mama wa chai akajibu kutoka jikoni kwamba mwizi hufungiwa nje kwa komeo la ndani, na huyo mume kafunga kwa nje, kwa hiyo anayemzuia si mwizi, aseme lingine. Ustadhi akarudi kwa walii wake. Mwenye duka akauliza kama kuna mahali popote kitabuni mke ameomba aende sokoni, akaambiwa mara nyingi, akatikisa kichwa. Nikatakiwa nisome ushahidi. Nikasoma pale pa viatu, jinsi mume alivyovificha ndani ya godoro la kuuza na kuuza godoro lenyewe kwa bahati mbaya. Wazee walicheka mpaka mmoja akapigwa mgongoni. Nikageuza ukurasa, nikasoma pale jirani anapobisha hodi, na mke, akiwa amefungiwa ndani, anajibu kwa mzaha wa mumewe, neno kwa neno, kwa sababu ameshausikia mara nyingi hivi kwamba hana maneno mengine: Mapenzi yako ndani, ufunguo uko kazini.

Hakuna aliyecheka. Gari likapita barabarani likiwa na mbuzi, tukawasikia mpaka wakaisha. Nadhani kila mtu pale alikuwa amesikia kitu kama hicho kikisimuliwa kwenye kibanda hicho hicho, juu ya mkeka huo huo. Dalali peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, akitazama huku na huku kutafuta wenzake.

Wazee wakanong'ona. Kisha mwenye ploti akasema, "Mwanamke aende kwa mama yake. Akae huko. Mwanamume akimtaka, aende na wazee, na ile kufuli abebe kwa mkono, watu wote waone."

"Haki kabisa!" dalali akapiga makofi. "Ndugu yangu ni mtu mbaya, mimi nilisema tangu mwanzo!"

"Fizuri," mzee akasema. "Gari ya maziwa inatoka kwenda Ijara kesho baada ya Alfajiri. Dereva ni mtoto wa dada yangu. Utatoa mke yako na bole bole utampandisha."

Dalali alicheka kidogo. Akatazama pande zote. "Adeer, hii ni kitabu."

"Ndiyo."

"Hakuna mtu! Hakuna godoro! Ni karatasi!"

"Tumekaa tangu Adhuhuri," mzee akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wazee wote hawa. Unasema tumekaa bure?"

Ni swali ambalo hakuna mtu wa Garissa mwenye akili timamu atakayelijibu kwa ndiyo. Dalali akajaribu njia nyingine, kwamba alikuwa anatania. Mzee akamwuliza kama na nyama alikula kwa kutania. Alikuwa amekula, tena mguu. Mcheshi wetu akautazama mfupa uliobaki mbele yake, naye mwenye duka akamwambia kwa upole kabisa kwamba ukibeba ndugu unabeba na mzigo wake.

Mpaka leo sijui kama yule mzee alijua anachofanya au alikuwa anaamua kesi ya muuza magodoro tu, kwa dhati, na sheria ikampeleka ilikompeleka. Nilipomwuliza baadaye, nikimlipa kodi, alisema kwamba kesi ilikuwa ngumu kwa sababu mwandishi hakuandika ukoo.

Asubuhi nilimsindikiza jirani mpaka kwenye gari la maziwa. Mumewe alibeba mkoba wake, mnyonge kama mtu aliyenyeshewa, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa nje ukijifanya unafagia. Jirani aliomba kitabu akamsomee mama. Nikasita. Sikuwa nimemwambia kinavyoisha, na wote wengine niliwaomba wasimwambie. Kinaisha vibaya: mke anazoea. Ndivyo tu. Siku moja mume anasahau kufunga, na mke anaufunga mlango mwenyewe kwa ndani, kisha anacheka. Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza nilikirusha kitabu ukutani. Lakini alikuwa amenyoosha mkono, na dereva anapiga honi, nikampa.

Dalali sasa ana maoni mapya. Anamwambia kila mtu kwamba kitabu kile ni kibaya, hakichekeshi, na Wizara inafaa ikipige marufuku. Ijara hajakwenda bado. Wazee wa kumsindikiza angepata, lakini kuna habari ya ile kufuli, na kutoka hapa mpaka kule kuna vituo vingi vya watu wenye macho.

Wiki ya tatu nilipata ujumbe wa sauti kwenye simu. Nyuma kulikuwa na kuku, na mtu mzee akikohoa. Jirani yangu aliongea polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshiba usingizi.

"Abaayo, nimesomea hooyo kitabu yote, mbaka mwisho. Hooyo amekataa. Anasema huyo mtu aliandika kabla hajabata habari. Anasema nikwambie wewe umwambie: yule mwanamke alifika kwa mama yake. Amekula. Saa hii amelala, na mlango iko wazi."