Matundu Manne

Walimwita Timazi, kwa ule uzi wenye uzito ambao waashi hupimia ukuta, maana kuta zake zilinyooka hata mjusi akipanda aliona haya kupinda mkia. Nyumba yake aliijenga kwa mawe ya kijivu ya mlimani. Mkewe alipolalamikia baridi, Timazi akaziba matundu ya hewa ya chumbani kwa saruji. Upepo ukabisha hodi miaka kumi na tisa, haukuitikiwa.

Mkewe akafa kwa saratani ya mapafu, mwanamke aliyeukimbia moshi wa sigara kama nyuki. Sasa chumbani mle analala kitindamimba wao.

Mpwa wake, mtafiti wa chuoni, akamwita ofisini.

"Mjomba, kuna gesi inaitwa radoni. Haina rangi wala harufu. Baadhi ya mawe huitoa kidogo kidogo. Ikikosa pa kutokea hujaa ndani, ikala mapafu. Nimeijenga nyumba yako kwenye kompyuta nione."

"Bila saruji? Basi ukuta wako umepinda."

Mpwa akacheka, akaingiza unene wa mawe, plasta, kimo cha dari. "Matundu ya hewa chumbani?"

"Manne. Mimi fundi, sijengi sanduku."

Chumba kikawa kijani kwenye kioo. "Salama, mjomba. Binti alale tu."

Timazi akavaa kofia, akafika mlangoni. Aliyemuua mkewe si yeye, wala si mawe yake, kompyuta imesema. Lakini lile "binti alale tu" likamsimamisha pale pale, akaivua kofia.

"Futa manne," akasema, mgongo kwa mpwa. "Andika hakuna."

"Mjomba?"

"Niliyaziba. Kwa mikono hii."

Mpwa akabonyeza. Chumba kikaiva kama embe: njano, kisha chekundu mpaka pembeni kilipo kitanda.

"Hii haisemi ndiyo iliyomuua," mpwa akanong'ona. "Ni makisio tu, mpaka tukaweke kipimo."

"Kipimo kilikaa mle miaka kumi na tisa. Tumekizika mwezi wa tatu."

Akampigia bintiye simu. "Mwanangu, hamishia godoro sebuleni. Nakuja kutoboa ukuta wa chumbani."

"We baba! Si mama mwenyewe aliomba matundu yazibwe?"

Timazi akavaa tena kofia, akafungua mlango.

"Mama yako aliomba blanketi," akasema. "Saruji ilikuwa yangu."