Simu ya Kuulizia Chumba

Ukoo mzima ulimwita Bi Takwimu, kwa sababu tangu alipoanza kusomea uchumi hakuacha jambo lipite bila kuuliza, "Mmejuaje?" Arusini, msibani, hata jikoni. Walimcheka, naye akacheka nao. Lakini lilikuwapo swali moja ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, nalo lilimkaa kooni tangu utotoni: kwa nini shangazi yake, dada wa baba yake tumbo moja, aliwatoa yeye na mama yake kwenye vyumba vya uani mara tu baba alipozikwa?

Alilikumbuka godoro lao likiwa limeegemezwa ukutani nje, na mama akikunja nguo kando ya njia huku majirani wakijifanya wanafagia. Shangazi alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema. "Mjane akikaa uani, wenye waume zao hawalali usingizi."

Mama aliendelea kukunja nguo. Mpaka leo, ukimuuliza, atakwambia walihama wenyewe.

Bi Takwimu akakua, akasoma, akawa mtafiti chuoni, na utafiti wake mkubwa ukawa wa vyumba vya kupanga. Wasaidizi wake waliwapigia simu wenye nyumba waliotangaza vyumba, na mazungumzo yote yakarekodiwa. Mmoja alijitambulisha kuwa mwanamume mwenye mke na watoto. Mwingine alikuwa mwanamke mwenye kazi ileile na mshahara uleule, ila alisema ni mjane. Kisha ikaangaliwa nani kakaribishwa aje kuona chumba na nani kaambiwa kimeshachukuliwa. Chuo kilikuwa na masharti yake: jina la mwenye nyumba halitajwi, na mtu wa nje hasikilizishwi sauti yake.

Asubuhi moja, akizipitia zile simu, akasikia sauti anayoijua. Kwa mwanamume ilikuwa laini kama siagi: "Karibu sana, baba. Chumba kipo, maji yapo, njoo hata leo." Kwa mwanamke ikasema, "Pole kwa msiba, mwanangu. Ila mjane akikaa uani, wenye waume zao hawalali usingizi."

Neno kwa neno.

Hakulia. Alitabasamu, na msaidizi aliyekaa meza ya pili alisema baadaye kwamba tabasamu lile lilimtia baridi. Ilimpasa amweleze mkuu wa idara kuwa mhusika ni ndugu yake, simu ile iwekwe kando. Alinyamaza.

Ilipofika siku ya kuwasilisha matokeo, alialika ukoo. Kwa shangazi alikwenda mwenyewe.

"Shangazi, bila wewe utafiti huu usingekamilika. Nitaleta gari likuchukue."

"Mwanangu!" shangazi alisema, akimshika mashavu. "Nilijua utatutoa kimasomaso."

Akamketisha mstari wa mbele, ubavuni mwa mama yake. Ukumbi ulijaa wanafunzi, maofisa na wenye nyumba wachache. Bi Takwimu alieleza kazi yake taratibu, kisha akasema atasoma baadhi ya majibu waliyopewa wajane. Alisoma matatu, manne, kwa sauti kavu kama anasoma ratiba. La shangazi aliliweka mwisho.

Watu waliguna, wengine wakacheka. Mwanamke mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Huyo naye ana roho ya jiwe!"

Shangazi akasimama kama aliyechomwa sindano.

"Roho ya jiwe nani? Vyumba vile nimejenga kwa jasho langu! Nimpangishe nani, nimkatae nani, ni shauri langu. Hata wifi yangu huyu hapa nilimtoa, na hakufa!"

Ndugu waliokuwa nyuma yake wakageuziana shingo. Ndipo shangazi akaelewa alichokisema na mbele ya nani, akabaki amesimama, mkono bado umemwelekea mama, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Asante kwa mchango wako, mama," Bi Takwimu alisema, kama anavyomjibu mtu yeyote asiyemjua. "Swali linalofuata, tafadhali."

Mlangoni shangazi alimsubiri, midomo ikitetemeka. "Umenitega."

"Nani alikutaja, Shangazi?"

"Umefurahi sasa?"

"Sana."

Mtoto mkubwa wa shangazi alipeleka malalamiko chuoni. Mkuu wa idara akamwita Bi Takwimu, akamuuliza kama alimjua mwenye sauti ile. Hakukana. Akavuliwa uongozi wa utafiti, na simu ya shangazi ikafutwa kwenye hesabu. Matokeo hayakusogea hata chembe. Wenye nyumba wa aina yake walikuwa wamejaa tele. Kuvuliwa uongozi kulimuuma, maana kazi ile aliipenda, lakini hakuomba radhi.

Jioni ya siku aliyovuliwa uongozi alikwenda kwa mama yake, akamkuta anachambua mboga kibarazani.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" mama aliuliza.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," mama akakubali. Akachambua kidogo, kisha akasukuma ungo pembeni. "Mimi sikuthubutu kumtazama siku ile. Hebu niambie, alipojua kajitaja mwenyewe, uso ulikuwaje?"

Bi Takwimu akavuta kigoda, akamsimulia bila haraka.

"Na mdomo?" mama akauliza. "Mdomo aliufanyaje?"