Ruta Niliyoisifu

Zile ruta nilizipendekeza mimi. Bosi wa kampuni yetu ndogo ya intaneti, katikati ya jiji, aliuliza tuwafungie wateja aina gani, nami nikapiga domo mpaka akaagiza shehena nzima. Miezi miwili haikuisha, simu zikaanza. Ikifika saa nane mchana ruta inakwama. Taa zinawaka vizuri tu, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Jibu nililikuta kwenye waraka wa watengenezaji, huko mwisho, kwenye orodha ya kasoro zinazojulikana. Kila ukurasa mteja anaofungua, programu ya ruta iliuweka kwenye kumbukumbu, kisha ikasahau kuufuta. Kumbukumbu ikijaa, basi. Dawa haijapatikana; kwa sasa, zima na uwashe upya kila siku. Niliukunja waraka nikautia kwenye droo. Kumwonyesha bosi kungekuwa kujivua nguo, na siku hizo nilijiona fundi wa mafundi.

Mteja aliyelalamika zaidi alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Waithaka, mwalimu mstaafu mwenye saiba, duka la kukodisha intaneti, la kompyuta nane. Aliyeisimamia ile saiba alikuwa baba wa watoto wawili, mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, ambaye kila asubuhi alipangusa kibodi moja moja kwa kitambaa chenye maji. Nilipofika mara ya tatu, Mama alinisubiri mlangoni.

"Fundi, hii kitu yenu inanifukuzia wateja. Shida ni yenu ama ni yangu?"

Ningesema yetu. Neno moja tu. Badala yake nikakuna kichwa, nikajitia kufikiri, nikasema, "Mama, pengine kuna mtu anadownload vitu kubwa kubwa. Laini inalemewa."

Sikutaja mtu. Hata leo najitetea hivyo, upuuzi mtupu. Aliyeshinda mle ndani kutwa alikuwa mmoja, na Mama akageuka kumtazama. Yule bwana alicheka kidogo, akidhani natania.

Mama alipoenda kunitilia chai, nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliiamuru ruta ijizime na kujiwasha yenyewe kila alfajiri. Kazi ya dakika tano. Nikanywa chai yangu nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilipiga simu kuulizia hali. Mama alikuwa na furaha ya ajabu.

"Aki fundi, ulisema ukweli! Nilimfuta kazi jioni ile ile. Tangu aende, haijakwama hata siku moja."

Dawa yangu ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yake. Simu ilikuwa sikioni, mdomo ninao, na Mama alikuwa mtu wa haki. Angemrudisha siku hiyo hiyo. Lakini angempigia bosi pia. Nikasema, "Nashukuru, Mama." Ile nashukuru bado inanichoma.

Miezi kadhaa baadaye nilimwona yule bwana mjini, nje ya duka la jumla, akishusha mizigo ya sabuni kwenye lori. Kibarua cha kutwa. Nilitaka kuvuka barabara nisionekane, ila akaniwahi.

"Fundi! Niaje?"

Alipangusa mkono kwenye suruali akanipa. Nilijiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitamani anitukane pale mbele ya watu, nipate kupumua.

"Nimewaza sana juu ya ile maneno," akasema. "Kuna mahubiri nilikuwa nafungulia nikiosha sakafu. Sikujua inaweza ua laini. Itakuwa ni hiyo tu. Pole, bro. Ulikuja Waithaka mara mingi juu yangu."

Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mafupi, nilikuwa nimeyasoma mwenyewe kwenye waraka, na hapakuwa na bosi wala Mama wa kuyasikia.

Nikamwambia asijali, yameshapita. Akanishukuru kwa kumwelewa, akarudi kwenye lori.