Baba, Chopsi na Jiko la Upepo

Kaka alilileta lile jiko Jumamosi asubuhi, ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke anayemchekea kuku wa kuchoma. Akaliweka juu ya meza ya Baba bila kuuliza, akalichomeka kwenye umeme, kisha akaenda kufungua mpira wa mtungi wa gesi. Mtungi akaubeba hadi kwenye gari lake. Jiko la mkaa nalo akalibeba. Baba alikuwa ameketi kitandani anavaa soksi, kazi ambayo siku hizi humchukua muda, na alipomaliza ya pili nyumba yake haikuwa tena na moto.

"Hili halina mwali, Baba," Kaka akamwambia. "Linapika kwa upepo wa moto. Unabonyeza tu. Hata ukilisahau, linajizima lenyewe."

"Na nikisahauliwa mimi?" Baba akauliza.

Kaka akajifanya hakusikia. Mimi nilisikia, na hasira iliyonipanda pale haijashuka mpaka leo ninapoyaandika haya.

Baba yangu aliuza nyama ya nguruwe kwa miaka thelathini na minne, kwenye bucha yenye vigae vyeupe karibu na kituo cha mafuta. Wateja walimwita Mzee Mbavu, kwa sababu ndizo alizouza na kwa sababu zake mwenyewe zilikuwa zinahesabika. Wahenga wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hao wahenga hawakupita kwetu. Kisu cha Baba kilikuwa kikali kuliko vyote mtaani, na sisi tulikula vichwa, kwato na masikio, kwa sababu minofu ilikuwa ya wateja.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili alijiwekea chopsi moja, kile kipande cha mgongoni chenye mfupa upande mmoja na ukanda wa mafuta upande wa pili, akaja kuikaanga mwenyewe kwenye kikaango kizito cha chuma. Mama hakuruhusiwa kuisogelea. Baba hakutazama saa wala hakuichokonoa kwa uma. Aliisikiliza. Aliinama sikio likiwa karibu na moto mpaka Mama akapiga kelele, naye akasema, "Sasa inapayuka. Ngoja ianze kunong'ona." Ikianza kunong'ona, aliitoa. Tuligawana wanne, na kila kipande kilitoa maji kikikatwa. Nimekula kwenye harusi za watu wenye pesa na sijakutana tena na nyama ya aina ile.

Mama alishafariki. Mwaka jana Baba akapigwa na kiharusi upande wa kulia. Mguu umerudi. Ulimi umerudi, tena na makali yake yote. Mkono wa kulia haukurudi sawasawa: unashika lakini hauhisi. Siku moja aliuegemeza kwenye kikaango cha moto huku anaongea na jirani dirishani, na ni jirani aliyesikia harufu kwanza. Kwa hiyo siwezi kusema wasiwasi wa Kaka ulikuwa wa bure. Nasema tu kwamba watu wenye gari wana haraka sana ya kubeba vitu vya wenzao.

Masharti Kaka aliyatolea mlangoni Jumamosi ile ile, funguo mkononi. "Tunakupa mwezi mmoja, Baba. Jumapili ya mwisho tunakuja kula, mimi na mke wangu. Ukitupikia chakula cha kueleweka bila kujiunguza, unabaki hapa na hatuongei tena. Ukishindwa, unahamia kwangu, na hii nyumba tunaipangisha."

"Unanipa mtihani?"

"Si mtihani. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu," Baba akasema, na akalitamka lile neno kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. Kisha akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Nikasema niko upande wake. Nikasema kwa sauti kubwa, mbele ya Kaka, kwamba atakayemtoa Baba kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake atapita kwanza juu yangu. Mimi ni msusi. Kutwa nzima nasuka watu na kuongea, na wateja wangu wanajua kwamba mdomo wangu haujawahi kulala na kiporo. Kaka aliingia garini bila kuaga.

Siku yangu ya mapumziko ni Jumatatu. Jumatatu ya kwanza nilimkuta Baba amesimama mbele ya lile jiko kama anayemsubiri mgomvi wake atoke nje. Lilikuwa linanguruma. Nazijua mashine za kukausha nywele, naishi nazo, na hata mimi nilitaka kuziba masikio. Baba akavuta droo ya jiko, ile inayokaa nyama. Jiko likanyamaza hapo hapo, maana ndivyo lilivyotengenezwa: ukilifungua, linasimama. Akainamisha sikio juu ya chopsi. Akasikiliza. Nyama ilikuwa kimya, joto lote limempiga usoni na kuondoka zake. Akarudisha droo. Ngurumo. Akavuta tena.

Nilihesabu mara kumi na moja.

"Baba, acha kulifungua!"

"Nitajuaje ilikofika? Hili jiko ni kiziwi na linataka na mimi niwe kiziwi."

Kilichotoka kilikuwa cha kijivu, kigumu, kimejikunja pembeni. Tulitafuna mpaka taya zikauma. Baba akatema kipande kwenye kiganja, akakitazama kwa muda mrefu, na akakitupa kwenye sinki kwa nguvu hadi kikombe kikaanguka.

Jumatatu ya pili akafuata kijitabu kilichokuja kwenye boksi. Kijitabu kilisema dakika ishirini. Hakikusema kwamba wifi yangu angeleta chopsi za pakiti, nyembamba kama kadi za mwaliko. Dakika ishirini! Kwa dakika ishirini ungeweza kuzikausha zile nyama na kuziandikia barua. Baba hakufungua droo safari ile, alitii kila kitu, na nyama ikatoka soli ya kiatu kamili.

Akaanza kulitukana jiko, kisha akamtukana aliyelileta, kisha akanitukana mimi kwa kusimama pale kama mgeni. Nami nilikuwa nimechoka, miguu inauma, na sina subira ya kuazima. "Usinipigie kelele," nikamwambia.

"Nitapiga kelele nikitaka. Hii ni nyumba yangu."

"Kwa chopsi hizi? Ni yako kwa wiki mbili tu zijazo!"

Yakatoka. Maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Baba akavuta kiti akaketi, mkono wa kulia ukiwa juu ya mapaja kama kitu alichoombwa kumshikia mtu. Nikaosha vyombo nikiwa nimempa mgongo, nikaondoka.

Sijui alifikiria nini wiki ile, lakini Jumatatu ya tatu nilikuta mtu mwingine. Alikuwa ametembea mwenyewe hadi kwenye bucha yake ya zamani, akamsimamia yule muuzaji mpya wa pale mpaka akamkatia chopsi zenye unene wa vidole viwili. "Alitaka kunipa za kidole kimoja," Baba akaniambia. "Nikamwambia, mwanangu, hiyo si chopsi, hiyo ni picha ya chopsi." Kwenye sanduku la vifaa vyake alikuwa amefukua sindano ya kupimia joto, ile aliyokuwa akiichoma kwenye nyama za jokofuni ahakikishe hazijaanza kuharibika.

"Nimekosea kulisikiliza," akasema. "Jiko hili haliongei. Basi kazi yote inabidi ifanywe kabla ya kulifunga."

Akanionyesha, kwa mkono wa kushoto, pole pole, na ole wangu nikijaribu kumsaidia. Chopsi zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi kwa saa nzima, kijiko kikubwa kimoja kwa kila glasi ya maji, ili nyama inywe kabla haijaingia kiangazi. Akazitoa, akazifuta kwa kitambaa safi mpaka zikakauka nje. Ule ukanda wa mafuta akaukata mikato midogo midogo, isije ikajikunja. Mafuta kidogo, pilipili manga, kitunguu saumu. Chumvi basi, ilishaingia. Jiko akaliwasha tupu kwanza lishike moto, digrii mia mbili. Kisha akazipanga mbili tu, zisigusane, "upepo upate njia." Dakika sita, akageuza. Dakika nne, akachoma sindano pembeni ya mfupa.

Katika zile dakika sita alikalia mkono wake wa kushoto usije ukaenda kwenye droo. Nilimwona. Mzee wa miaka sabini na mmoja amekalia mkono, macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu. Nilitaka kumpiga Kaka.

Sindano ikasoma digrii sitini na tatu, alizokuwa anazingoja. Akazitoa, akazifunika kwenye sahani. Mimi nikashika uma.

"Weka chini. Nyama iliyotoka motoni bado ina hofu. Ukiikata sasa, maji yote yanakimbilia sahanini. Iache dakika tano."

Tulisubiri dakika tano. Akakata, na maji yakabaki ndani ya nyama, yakimetameta. Baba akatafuna akiwa amefumba macho. Hakusema ni tamu. Alisema, "Hawana la kusema," na mimi nikajua anamaanisha nyumba.

Jumapili ya mwisho walifika saa saba mchana. Wifi alivaa nguo nyeupe, jambo ambalo kwenye nyumba ya mwenye bucha mstaafu ni ama ushamba ama dharau. Baba alikuwa ameamka tangu alfajiri. Kitambaa cha meza kilikuwa kimenyooshwa. Alipika kwa awamu mbili, mbili mbili, akiwa amevaa aproni yake ya bucha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kusogea. Hakujiunguza. Hakudondosha kitu. Zile dakika tano za kusubiri alisimama kando ya sahani, ameifunika kwa mkono wa kushoto, na Kaka akatazama simu yake.

Wifi akakata kipande, akakiinua kwenye mwanga. "Baba mkwe, imeiva kweli? Si nguruwe anatakiwa akauke kabisa?"

"Mkwe wangu, kuiva na kukauka ni watu wawili, na wala hawasalimiani. Kula."

Akala. Akala tena. Kaka alimaliza yake kabla yetu sote, akafuta sahani kwa mkate, akaomba ya Wifi iliyobaki. "Hii ndiyo ile," akasema, mdomo umejaa. "Baba, haki ya Mungu hii ndiyo ile ya zamani." Macho yalimlowa kidogo. Sisemi uongo, nilimwona.

Baba akavua aproni, akaikunja, akaketi kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Kwa hiyo tumemaliza," akasema.

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani.

"Baba, kuna jambo. Mpangaji tayari amepatikana. Anaingia tarehe mosi. Chumba chako kule kwangu tumeshakipaka rangi."

Lile jiko likawa linatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

"Amepatikana lini?" Baba akauliza.

"Wiki ya pili."

Wiki ya pili! Wiki ya kijitabu. Wakati Baba anatembea na mguu wake mmoja na nusu kwenda kugombania unene wa nyama, nyumba ilikuwa imeshatoka. Wakati amekalia mkono wake.

"Sasa leo mlikuja kufanya nini?" Baba akauliza. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa unajiandaa sana," Kaka akasema. "Tuliona vibaya kukuvunja moyo."

Wakaja kula.

Baba akanitazama. Hakumtazama Kaka tena, alinitazama mimi, na alingoja. Nilikuwa na kipande mdomoni. Kilikuwa laini, kitamu, kimejaa maji, na niliendelea kukitafuna. Maneno yote nilikuwa nayo, nimeyasuka mwezi mzima, ningeweza kuwafukuza wote wawili kwa sentensi moja. Lakini nilijua Kaka angenijibu nini. Angesema, haya, basi mchukue wewe, au hamia hapa uwe unamlinda. Nami nina chumba kimoja nyuma ya saluni, na maisha yangu, na sikutaka. Hiyo ndiyo kweli. Sikutaka. Hasira yote niliyoibeba mwezi mzima ilikuwa ya bei rahisi kuliko siku moja ya kumtunza.

Nikatafuna. Nikatafuna kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. Nilipokuja kumeza, Baba alikuwa ameshageuza uso.

"Haya," akamwambia Kaka. Kisha akanisogezea sahani yangu karibu, kwa mkono ule usiohisi kitu. "Malizia, mwanangu. Ikipoa inakuwa ngumu."

Nikaimaliza.